Kizimba Kimoja, Mawakili Mbalimbali: Maswali Tunayoulizwa Lamu Kuhusu Wakili, Dhamana na Kesi za Jinai

Mimi si wakili. Ni msaidizi wa sheria wa kujitolea, na maswali nimeulizwa kila mahali: gatini Mokowe nikingoja boti, barazani Mkunguni baada ya alasiri, na zaidi kwa simu za usiku, saa ambayo mtu akikupigia unajua kuna aliyekamatwa. Nimeyaandika hapa kwa sababu ni yale yale. Yanahusu kesi za jinai tu, chini ya sheria za Kenya. Ya mirathi na talaka mpelekeeni Kadhi. Na siku mkipata wakili, msikilizeni yeye, msinisikilize mimi.

Sheria si moja kwa wote? Tofauti ya tajiri na maskini iko wapi hasa?

Sheria ni moja, kizimba ni kimoja, na hakimu ni yule yule. Kinachotofautiana ni saa ambayo wakili anaingia kazini.

Mkubwa akisikia tu kwamba anatafutwa, wakili wake huwahi Mahakama Kuu kuombea dhamana ya mapema, yaani dhamana kabla hata hajakamatwa. Kituoni anakwenda kwa miguu yake, kanzu imepigwa pasi, wakili ubavuni. Anaandikisha mistari miwili, anatoka. Siku ya kusomewa mashtaka, karatasi za mdhamini wake ziko tayari kwenye mkoba.

Mvuvi wa Kizingitini anakutana na sheria akiwa ameshalala sakafuni siku mbili, na taarifa yake imeandikwa na mtu mwingine kwa maneno ya mtu mwingine. Hata ukoo ukichanga na kumwekea wakili mwezi wa tatu, wakili huyo anarithi mambo matatu yasiyofutika kirahisi: taarifa aliyoitia sahihi, jibu alilotoa kwa mashtaka, na masharti ya dhamana yaliyomshinda. Ndiyo maana ukurasa huu umeelemea siku za mwanzo. Watu huniuliza sana habari za siku ya hukumu. Kesi nyingi nilizozifuata mimi zilikuwa zimeshaamuliwa kitambo, kwenye dawati la kituo.

Na si maneno ya barazani tu. Ukaguzi wa mfumo mzima wa haki ya jinai nchini, uliotolewa mwaka 2017, ulikiri wazi kwamba uzito wake unawaangukia maskini zaidi.

Mwanangu amechukuliwa usiku huu. Nianze wapi?

Mama, anza kwa kujua yuko kituo gani, maana wakati mwingine aliyekamatwa kisiwani huvushwa bara. Ukifika uliza mambo mawili: amekamatwa kwa kosa gani, na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo, ni ipi. Iandike nambari hiyo hata kiganjani. Mtu aliyeandikwa kitabuni hapotei kirahisi.

Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka aambiwe sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuzungumza na wakili au mtu wa kumsaidia, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kuna mwanya hapo. Saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, hesabu husogea hadi siku ya kazi inayofuata. Ukikamatwa Ijumaa jioni, basi Jumatatu. Sijafanya hesabu rasmi ya wanaokamatwa Ijumaa jioni, lakini nina daftari langu, na ni wengi.

Mpelekee chakula, shati safi, na dawa kama anatumia. Usipige kelele kaunta. Ukipiga kelele wewe, atakayejibishwa ni yeye, ndani.

Askari wanasema atie sahihi taarifa ndipo aachiliwe. Atie?

Asitie sahihi karatasi ambayo hajasomewa yote. Ana haki ya kunyamaza, na kunyamaza si kosa. Jina lake, la babake na anakoishi atataja, mengineyo anaweza kusema, "Nitazungumza nikishapata ushauri."

Jambo ambalo wengi hawalijui: kukiri kosa hakupokelewi mahakamani ila kuwe kumefanywa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta kwenda juu ambaye siye anayeichunguza kesi hiyo, na mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe awepo. Koplo hawezi kumkiriisha mtu usiku wa manane na karatasi ikasimama. Lakini mwenye kuipinga karatasi hiyo ni nani, kama mshtakiwa hajui kwamba inapingika? Mkubwa hulipia jicho la mtu wa kuiona kasoro hiyo, na jicho hilo ndilo bei ya wakili.

Siku ya kusomewa mashtaka, aseme nini?

Hapa nitakaa kidogo.

Nilikuwa benchi la tatu. Kizimbani kijana wa Matondoni, kandambili moja imekatika na ameifunga kwa uzi wa nyavu. Karani akasoma: mnamo tarehe fulani, katika kaunti ya Lamu, uliiba mashine moja ya boti, mali ya fulani. Ni kweli au si kweli? Kijana akajibu, "Ni kweli nimeitwaa, lakini..." Karani alikuwa ameshainamia faili. Hilo "lakini" tulilisikia mimi na mamake, kwenye faili halikuingia.

Kwanza kuna suala la lugha. Kwetu Lamu kutwaa ni kuchukua tu: unatwaa jembe, unatwaa mtoto ukampakata. Kuiba ni neno jingine kabisa. Mtu wa Faza au Kiwayu anayezungumza Kibajuni, Mboni wa Basuba, Muorma wa Witu, wote hujibu kwa maneno yao na kuandikwa kwa maneno ya karani. Katiba inampa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Aombe, hata kama anakijua Kiswahili cha redioni.

Pili, kuna "lakini" yenyewe. Mashine ilikuwa ya ami yake, nyumba mbili zikiitumia kwa zamu, mpaka ami alipokosana na babake juu ya shamba la minazi. Hiyo si wizi. Angalau ni jambo la kusikilizwa na mashahidi, si la kumalizwa kwa neno moja asubuhi.

Utaratibu upo tangu hukumu ya rufaa ya mwaka 1973. Mashtaka yaelezwe kwa lugha ya mshtakiwa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kisha upande wa mashtaka usimulie yaliyotokea, na mshtakiwa aulizwe kama anakubaliana na maelezo hayo. Akizua jambo lolote linalopingana na kosa, jibu linabadilishwa kuwa "si kweli". Hakimu yule, Mungu ampe afya, alipofika kwenye swali la mwisho alimtazama kijana na kumngoja. Kijana akalirudia "lakini" lake, safari hii kwa sauti, na likaandikwa. Hakimu mwenye mafaili arobaini mezani huenda asingengoja.

Kwa hiyo, ukiwa na "lakini" yoyote moyoni, jibu lako ni "Si kweli." Ukikubali kosa, milango mingi ya rufaa inafungwa, unabaki kulalamikia adhabu, si hatia. Mwenye wakili hajibu mashtaka kwa pupa. Huomba muda, hupewa ushahidi kwanza, husoma, ndipo hujibu.

Nikisema "si kweli" na jambo nimelifanya, si nitakuwa nimeapa uongo?

Wazee huniuliza hili kwa uchungu, na naliheshimu. Kusomewa mashtaka si kiapo. Hukushika msahafu, hukuapishwa. "Si kweli" mahakamani maana yake ni "thibitisheni", basi. Kiapo huja baadaye, ukichagua kutoa ushahidi, na hapo kweli usiseme uongo.

Tulimwona wakili wa serikali pale mahakamani. Ndiye wakili wetu wa bure?

Hapana! Wakili wa serikali ni mwendesha mashtaka. Kazi yake ni kukushtaki. Nimemwona mama akimfuata ukumbini na kumweleza kisa chote cha mwanawe, hatua kwa hatua, hadi mahali mashine ilipofichwa. Yule bwana alikuwa mwungwana akamkatiza: "Mama, usiniambie mimi." Si wote watakukatiza.

Ndipo utaona dhihaka ya jambo hili. Katika kila kesi ya jinai serikali imeshalipia wakili mmoja. Wa upande wa pili ndiye anayesubiriwa.

Basi, serikali inatoa wakili bure au haitoi?

Inatoa, si kwa kila mtu. Kifungu cha 50(2)(h) cha Katiba kinasema mshtakiwa atapewa wakili kwa gharama ya serikali ikiwa bila hivyo kutatokea dhuluma kubwa, na aarifiwe mapema kwamba ana haki hiyo. Ugomvi wote umo ndani ya maneno hayo mawili, "dhuluma kubwa". Ni kubwa kiasi gani?

Jibu lilitokana na kesi za hapa kwetu. Rufaa za watu watatu zilizosikilizwa Malindi zilipanda hadi Mahakama ya Juu, ile ya mwisho kabisa nchini, na tarehe 26 Mei 2017 majaji wakatoa mwongozo. Walisema haki hiyo haiji yenyewe kwa kila mshtakiwa. Hakimu apime uzito wa kosa, ukali wa adhabu, uwezo wa mshtakiwa kujilipia wakili, kama ni mtoto, kama anajua kusoma na kuandika, na ugumu wa mashtaka yenyewe. Rufaa hizo zilifika huko juu pia kwa sababu ziliwahi kusikilizwa na jaji wa mahakama ya ardhi, ambaye Mahakama ya Juu ilisema hakuwa na mamlaka juu ya kesi za jinai. Mawakili wanaikumbuka hukumu hiyo kwa jambo hilo. Mimi naikumbuka kwa ile orodha.

Halafu kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, iliyounda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Inamtaka hakimu amwambie mshtakiwa asiye na wakili kwamba ana haki ya kuwa naye, na ikibidi aiarifu Huduma impe mmoja. Sheria ni nzuri. Fungu lake la pesa ni dogo na maafisa wake wachache. Ofisi ya Mombasa inapigiwa na pwani nzima.

Kwa vitendo mambo huenda hivi. Ukishtakiwa kwa mauaji, kesi iko Mahakama Kuu na wakili utapewa. Huo ni utaratibu wa tangu zamani. Ukishtakiwa kwa wizi wa mabavu, ambao sheria imeupa adhabu ya kifo, kesi iko kwa hakimu, na huko watu wengi wamesimama peke yao. Adhabu ileile, mahakama tofauti, wakili hayupo. Sijampata mtu wa kunieleza mantiki yake nikaridhika.

Nimwombe hakimu kwa maneno gani?

Simama, sema polepole: "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili. Adhabu ya kosa hili ni kubwa na mimi sikusoma. Naomba nipewe wakili kwa gharama ya serikali chini ya kifungu cha 50(2)(h). Naomba ombi langu liandikwe."

Sentensi ya mwisho ndiyo muhimu. Hata ukikataliwa, faili litaonyesha uliomba, na jaji wa rufaa atauliza kwa nini hukupewa. Waliokaa kimya faili lao halisemi kitu.

Wakili wa kupewa anafanya kazi kweli, au ni kivuli tu?

Wapo wazuri sana, vijana wa Malindi wanaozishika kesi hizi kama za kulipwa. Wapo pia wanaokutana na mteja dakika tano kabla ya shahidi wa kwanza. Malipo ni madogo na huchelewa, na mwenye kesi za ardhi za mamilioni mezani utajua atasoma faili lipi kwanza. Mshtakiwa asimngoje wakili aje gerezani. Aandike kisa chake chote kwa mkono, tarehe na majina ya mashahidi, na ndugu wampelekee wakili. Anayepewa karatasi atasoma karatasi.

Dhamana ni haki ya kila mtu. Mbona sisi tunabaki rumande?

Kwa sababu haki ya dhamana na uwezo wa kuilipa ni vitu viwili. Katiba inataka mshtakiwa aachiliwe kwa masharti ya kadiri, isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuia. Lakini hakimu akisema "bondi ya laki tatu na mdhamini mmoja wa kiasi hicho", hapo Lamu mlango umefungwa.

Mdhamini anatakiwa alete hati ya kumiliki ardhi. Sisi wa pwani kila mtu anajua hadithi yetu na hati. Utakuta nyumba ya mawe Mkomani, mlango wa kuchonga, Mzungu angeinunua kwa mamilioni. Lakini ni wakfu, haiwekwi rehani wala dhamana. Nyumba ya jirani bado ina jina la babu aliyefariki kabla ya uhuru, na warithi wake ni ishirini na saba, watatu wako Mombasa na mmoja Muscat. Shamba la kule Hindi au Pate limelimwa na vizazi vinne, na karatasi haipo. Mwenye gari alete kadi ya gari, sawa. Kisiwani petu magari ni ya kuhesabu na vidole. Punda hana kadi.

Kwa hiyo mtu mwenye mali halisi, anayejulikana mtaa mzima, asiyeweza kutoroka hata akitaka kwa sababu mama yake, mke wake na nyavu zake zote ziko Shela, anabaki ndani. Wa mjini mwenye hati tatu na pasipoti mbili anatoka.

La kufanya lipo. Miongozo ya dhamana iliyotolewa mwaka 2015 inataka masharti yaendane na hali ya mshtakiwa, na hakimu anaweza kuomba ripoti ya afisa wa probesheni. Iombeni ripoti hiyo. Afisa atakuja mtaani, atazungumza na mzee wa mtaa, imamu na jirani. Mueleweshe kila mmoja ajibu ukweli: anaishi hapa tangu lini, anategemewa na nani, amewahi kukosa kesi? Ripoti nzuri imewahi kuishusha bondi ikawa pesa taslimu za kuchangika, au dhamana ya nafsi bila mdhamini. Isiposhuka, Mahakama Kuu inaweza kuombwa iyapitie masharti hayo.

Na kwa makosa ambayo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita, Katiba inakataza kabisa mtu kuwekwa rumande. Kifungu cha 49(2). Wanaokamatwa kwa vijikosa vya adhabu hiyo wakikumbushe.

Bondi ya polisi ni shilingi ngapi?

Ni bure. Ukitoa pesa taslimu kituoni kama dhamana, dai risiti. Hakuna risiti, hiyo haikuwa dhamana. Mahakamani pia pesa haziwekwi mkononi mwa mtu. Mnapewa maelezo ya kulipia, na kesi ikiisha, kama mshtakiwa alihudhuria siku zote, zinarudishwa. Familia nyingi hazijui kwamba zinarudi, zikaziacha.

Wakubwa hufanya nini ambacho sisi hatufanyi?

Vitu vinne hivi, na viwili hata wewe unaweza.

Dhamana ya mapema nimeshaitaja. Inahitaji wakili na Mahakama Kuu, kwa hiyo huiwezi kirahisi. Huiwezi pia kesi ya kikatiba ya kuyasimamisha mashtaka yenyewe, ile inayoweza kulaza faili miaka.

Lakini mkubwa huandika barua kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma akiomba faili liangaliwe upya. Barua hiyo hata wewe unaweza kuandika, ukurasa mmoja, ukataja nambari ya kesi na ushahidi uliorukwa. Mwendesha mashtaka akiona kesi haina miguu anaweza kuomba kuiondoa, kwa ruhusa ya mahakama. Angalia tu: ikiondolewa kabla ya kujitetea, hiyo si kuachiwa huru moja kwa moja, inaweza kurudishwa.

La nne ni kudai taarifa za mashahidi kabla ya kesi kuanza. Mkubwa huzisoma wiki nzima. Maskini huambiwa "kapige kopi", na kopi za kurasa sitini si pesa ya samaki wa leo. Mwambie hakimu huna pesa ya kopi. Ni haki yako kupewa ushahidi mapema, na hakimu anaweza kuagiza upande wa mashtaka ukupe.

Hatukupata wakili. Anajiteteaje?

Shahidi akimaliza, mshtakiwa ataambiwa aulize maswali. Wengi hapo husimulia kisa chao, hakimu anawakatiza, wanakaa chini wamevunjika moyo. Swali liwe swali: "Ulikuwa umbali gani? Taa ilikuwa wapi? Uliniona uso au mgongo? Polisi uliwaambia hivyo siku ile?" Linganisha anachosema na taarifa yake ya mwanzo, ndiyo sababu nimesema uidai.

Ikifika zamu ya kujitetea, ana njia tatu: kuapa na kuulizwa maswali, kuzungumza bila kiapo asiulizwe, au kunyamaza. Kila moja ina bei yake, na hakimu lazima amweleze. Hakimu akihamishwa katikati, jambo la kawaida sana huku kwetu, mshtakiwa anaweza kuomba mashahidi waitwe upya mbele ya hakimu mpya. Wengi hukubali "tuendelee" kwa kuchoka rumande. Mkubwa haachi nafasi hiyo.

Kijana wetu ana miaka kumi na tisa, binti ana kumi na sita. Wazazi wameshaelewana. Kesi si imekwisha?

Haijaisha, na msidanganyane. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inaweka kifungo kisichopungua miaka 15 binti akiwa kati ya 16 na 18, kisichopungua 20 akiwa kati ya 12 na 15, na maisha akiwa 11 au chini yake. Mwezi Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba viwango hivyo vya chini vinabaki, hakimu hawezi kuvipunguza kwa huruma. Maslaha, yaani suluhu ya wazee, hayaifuti kesi, na kumficha binti asitoe ushahidi kutawaletea nyingine.

Sisemi haya kuwatetea wanaoharibu watoto. Kesi hizo nyingi ni za kweli na mabinti wenyewe ndio waliokosa wa kuwasemea. Nasema kwamba kosa la miaka 15 na zaidi linasikilizwa huku mshtakiwa hana wakili, na ndani ya sheria hiyo mna utetezi ambao mtu peke yake hawezi kuubuni: kwamba binti alimfanya aamini ametimiza 18, na kulikuwa na sababu za maana za kuamini hivyo. Tajiri atautoa utetezi huo siku ya kwanza. Maskini atasema "walikubaliana wenyewe", neno ambalo kisheria halimsaidii hata chembe. Hii ndiyo kesi ya kwanza ya kuombea wakili wa serikali. Usiogope kuonekana unatetea uovu.

Ameshahukumiwa. Tumechelewa?

Siku 14 tangu hukumu kukata rufaa. Zikipita, anaweza kuomba ruhusa ya kukata nje ya muda, akieleza sababu. Rufaa ya kutoka kwa hakimu huenda Mahakama Kuu. Kesi nyingi za Lamu zimekuwa zikipelekwa Garsen au Malindi. Akiwa gerezani, rufaa hupitia kwa mkuu wa gereza. Ndani ya magereza kuna wafungwa waliofunzwa sheria na mashirika kama Kituo cha Sheria, wanawaandikia wenzao. Usidharau karatasi hizo za mkono.

Muulize pia kama hakimu alihesabu muda aliokaa rumande. Sheria inataka uhesabiwe, na mara nyingine husahaulika. Aliyekaa rumande miaka miwili kwa kukosa hati ya shamba, miaka hiyo ni yake.

Kwani kuna nchi iliyolimaliza jambo hili?

Kulimaliza, hapana. Ila kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1961, jimbo la Florida huko Marekani, Clarence Earl Gideon alishtakiwa kuvunja ukumbi wa mchezo wa biliadi. Akamwomba jaji wakili. Jaji akamjibu kwamba jimbo linatoa wakili kwa kesi za adhabu ya kifo peke yake. Limekukumbusha kitu? Akajitetea mwenyewe, akafungwa miaka mitano, na kutoka gerezani akaiandikia mahakama ya juu kabisa kwa penseli. Machi 1963 majaji wote tisa wakakubaliana naye. Kesi ikarudiwa Agosti mwaka huo huo, safari hii ana wakili aliyemhoji vizuri shahidi mkuu, na baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida wanaoamua hatia huko, likamwachilia baada ya saa moja hivi.

Mtu yule yule, mashtaka yale yale. Huko nako leo mawakili wa umma wanalia wamelemewa na mafaili, lakini angalau mshtakiwa wa kesi nzito hasimami peke yake.

Kuna mtu pale nje ya mahakama anasema anamjua hakimu, atatusaidia kwa elfu kumi.

Mwambieni ahsante, mwende zenu. Wa bure wapo: Huduma ya Msaada wa Kisheria, Kituo cha Sheria, mashirika ya haki za binadamu ya MUHURI na Haki Africa, na FIDA, chama cha mawakili wanawake, kwa kina mama. Chama cha Mawakili nacho huwa na wiki ya ushauri wa bure kila mwaka, na mawakili wa Malindi hushiriki. Nami sitozi, nauli ya boti ukinilipia nitashukuru.

Tunaishi Kiunga. Nikikosa boti siku ya kesi?

Mshtakiwa aliye nje kwa dhamana akikosa kufika, hati ya kumkamata inaweza kutolewa asubuhi ile ile, na mdhamini akaitwa ajieleze. Mpigie karani kabla ya saa tatu, au mtume mtu wa mjini asimame mahakamani aseme. Siku nyingine ukija, njoo na nahodha wa boti au barua ya chifu. Kesi ya kutajwa tu inaweza kuombewa isikizwe kwa video.

Na kusi ikivuma ondokeni siku moja kabla, mkalale mjini kwa jamaa. Hakimu wa Lamu anaijua kusi. Wa Garsen huenda haijui.